Hujikuna Ajipatapo

Bega la kulia la Bwana Zenobiusz
limegoma tangu Novemba.
Ameendesha basi la umeme hapa Lublin miaka thelathini na mmoja,
akizungusha usukani mpana kama sinia la harusi,
na sasa koti linamshinda.
"Binti," ananiambia, "mgongo unaniwasha
papo hapo katikati, nisipofika."
Nampima: digrii sabini na tano.
Naandika. Tunaanza.

Mimi niko mwaka wa pili kazini.
Siku ya usaili mkurugenzi aliuliza,
"Unatarajia mshahara gani?"
Namba nilikuwa nimeizoeza mbele ya kioo cha bafuni,
zloti elfu saba, bila kumeza mate.
Ilipofika mdomoni ikawa sita.
Nikamwona anakunja uso
(yalikuwa mafua tu, nilikuja kujua baadaye)
ikawa tano na nusu.
"Sawa," akasema,
na kalamu ikaandika kabla sijafunga mdomo.
Haraka ile
inaniuma hadi leo kuliko kidole gumba.

Halafu kuna kozi.
Chuo kilinifunza miaka mitano,
lakini kila tangazo la kazi lina mkia:
awe amesomea hiki, awe amemaliza kile.
Kozi ya bega, sehemu ya kwanza, wikendi mbili Warshawa,
elfu nne na mia mbili,
zaidi kidogo ya kinachoingia benki mwezi mzima.
Mama, anayeshona mapazia kule Zamość,
aliuliza kwenye simu, "Kwani hukuhitimu?"
Nilihitimu, Mama.
Nilihitimu kuanza kulipa.

Treni ya saa kumi na moja alfajiri, mkate na yai kwenye mkoba.
Ukumbini tuko kumi na wanane, tumevua masweta,
kila mmoja mgonjwa wa mwenzake.
Bega langu liko mikononi mwa Dobrawa wa Gdynia,
vidole baridi, vinavyojua kazi.
Mwalimu amegeuka, anachora kiungo ubaoni.
Dobrawa ananong'ona kisogoni pangu:
"Wanakupa ngapi?"
Msuli ukakaza. Akauhisi.
Huwezi kumdanganya mtu aliyeshika bega lako.
Nikamwambia.
Akanyamaza, akasukuma kidogo, akataja yake:
saba na mia tatu,
na nusu ya kozi wanamlipia.
Mwaka wa pili kama mimi. Cheti kile kile.
Hakusema kwa kujivuna.
Alisema kama mtu anayekuonyesha
mshono ulioachia nyuma ya gauni lako,
mahali usipopaona.

Mtu hujikuna ajipatapo, walisema wahenga,
nami niliyabeba maneno hayo kama dawa ya kuridhika.
Sikuwahi kuuliza: na pale asipojipata?
Kazi yangu yote iko pale.

Jumatatu. Nimempa Bwana Zenobiusz taulo,
mkono mzima juu ya bega, mbovu chini kiunoni,
avute taratibu kama anayejikausha mgongo.
Digrii mia na kumi, na theluji inayeyuka dirishani.
"Usilazimishe," namwambia,
"lakini usiache kudai."
Neno hilo la kudai sijui limetoka wapi.
Kwenye kozi halikuwemo.

Saa nane nina miadi na mkurugenzi.
Namba nimeiandika kwenye karatasi, kwa wino,
mdomo usije ukaipunguza njiani.
Huenda atasema bajeti.
Huenda atasema tuonane baada ya kiangazi.
Mfukoni nina risiti ya kozi, awamu ya pili bado haijalipwa.
Nafunga kitufe cha juu cha koti jeupe.
Nyuma ya pazia mzee anaguna, anatukana kidogo,
kisha anacheka peke yake:
"Nimekaribia, binti!
Bado vidole viwili!"