Kabla ya Zofia

Machi. Udongo wa Białystok bado ni tofali.
Nauchoma sepetu, unanirudishia mlio.
Dirishani, juu ya bomba la joto,
miche ishirini na miwili ya nyanya
imesongamana katika makopo ya mtindi,
shingo ndefu, rangi ya mgonjwa,
yote imeinamia kioo.

Aprili akaja na uwongo wake mtamu:
siku tisa za jua mfululizo.
Korongo amerudi juu ya nguzo ya umeme,
Ireneusz, mume wangu, amevua soksi za sufu,
nami nikavua akili.

"Mngoje Zofia apite,"
akasema Bogumiła juu ya wigo,
mkononi ndoo ya samadi ya sungura.
Maana kwetu Mei ina watakatifu wake wa barafu,
wanaume watatu wanaofuatana siku kwa siku,
na nyuma yao mwanamke, tarehe kumi na tano,
ndiye anayeufunga mlango wa baridi.
Nikacheka. Nikasema mimi nasoma jua, sisomi kalenda.
Nikapanda yote, kwa mstari ulionyooka kama mshono,
miaka thelathini na mmoja kiwandani si mchezo.

Usiku wa kumi na mbili
nyota zilikuwa nyingi mno, na karibu mno.
Tukatoka na tochi, na shuka, na mapazia,
na koti la jeshi la marehemu baba mkwe,
tukafunika tulichoweza,
tukinong'ona, kana kwamba sakitu ina masikio.

Asubuhi majani ni meusi, yamelegea,
ukiyagusa yanabaki kidoleni.
Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husemwa.
Miguu yangu mizima yote miwili.
Zilizovunjika ni nyanya kumi na saba.
Tano zilipona chini ya koti,
zikinuka dawa ya nondo.

Halafu makoa.
Halafu fuko, akainua vilima vyake
katikati kabisa ya bitiruti.
Karoti haikuota hata moja;
shibiti, ambayo sikuipanda,
imeota hadi kwenye nyufa za ngazi.

Zofia alipopita, Bogumiła akaja na kreti ya miche.
Nilisimama nikiingoja ile "nilikuambia".
Haikuja. Akapiga magoti, akaanza kuchimba,
na akiwa amenipa mgongo akasema:
"Mwaka wa themanini na saba, mimi zilikufa arobaini.
Nikamwambia kila mtu ni mbwa wa jirani."
"Jirani yupi?"
"Mama mkwe wako."

Jioni tuling'oa figili ya kwanza,
upande mmoja umetobolewa na funza.
Tukaikata kwa kisu cha mfukoni, vipande vitatu,
chumvi kidogo kiganjani.
Ilikuwa kali, ya kutoa machozi.
Ireneusz akasema ni ndogo.
Hatukumjibu. Tulikuwa tunatafuna.