Penga-Penga, kabla ya saa moja

Upeo usiukate katikati.
Marehemu Baba alinifunza hivyo, naye hakuwahi kupiga mlima;
alipiga maharusi, maiti, na picha za kitambulisho
mbele ya pazia la buluu kule Kamalondo.
"Mpe mtu mbingu kidogo juu ya kichwa," alisema,
"ila usimzamishe."

Leo mteja wangu ni ardhi.
Nimeshusha stendi begani,
miguu yake mitatu inatafuta pa kukanyaga
kwenye udongo uliochanwachanwa na mvua
kama kitenge kilichofuliwa mpaka kikasahau maua yake.
Korongo dogo linaingia korongo kubwa,
nalo kubwa linateremka mtoni bila salamu.
Nyasi hapana. Kivuli cha kukopa hapana.
Kichuguu kimoja, kirefu kuliko nyumba,
kimebaki kama jino la mwisho kwenye ufizi.

Mgeni angesema jangwa,
angeuliza ngamia wako wapi.
Sisi tunajua ni moshi.
Babu yangu Chola alichochea tanuru miaka ishirini na sita,
na huku, upepo unakoelekea,
miti ikaacha kutoa majani, mmoja mmoja.
Hakuna aliyemwambia.
Alirudi nyumbani na mshahara, na mfuko wa unga,
na kikohozi.

Nuru niitakayo ndiyo hii, ya kulala,
inayopita chini chini ikipapasa kila ubavu wa nchi.
Ikisimama wima, yote yatakuwa bapa kama chapati.
Nina dakika ishirini, labda kumi na tano.

Bomba linaingia kwenye picha.
Nasogea kushoto: lipo.
Napiga magoti: linajificha nyuma ya kichuguu
na picha inakuwa nzuri, nzuri mno,
nzuri kama mtu aliyesahau deni.
Nasimama.
Nikiliweka katikati, linajigamba.
Nikilisukuma ukingoni, linachungulia
kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.
Na siku hizi halipumui hata sana.

Ndipo anapita mama na toroli,
gurudumu likilia kwa kukosa grisi.
Amebeba udongo.
Udongo, hapa!
"Hii bulongo ni ya mbali," ananiambia, "ya huku haizai.
Na wewe unapiga foto ya nini? Hapa hakuna kitu."

Nataka kumjibu: mistari, vivuli,
uzito wa mbele na wepesi wa nyuma.
Maneno yote yananuka studio.
"Sijajua bado," nasema.
Anacheka, anafuta jasho kwa kiwiko.
"Ukijua, unipigie na mimi. Si sura. Matembele.
Matuta saba, nyuma ya nyumba. Mvua tatu nabeba.
Uliza kwa Mama Numbi, watoto watakuonyesha."

Akaenda.
Gurudumu likaacha alama: ilianzia karibu na kiatu changu,
ikavuka korongo juu ya ubao,
ikakizunguka kichuguu,
ikapita chini kabisa ya bomba bila kuliangalia,
ikapotea kwenye mabati.
Asubuhi nzima nilitafuta mstari wa kuongoza jicho.
Nikapiga mara moja. Nuru ikainuka, ikaondoka zake.

Usiku, mezani, chini ya balbu inayopepesa,
naitazama. Upeo nimeuweka juu sana,
mbingu imebaki upana wa kidole.
Baba angenigombeza: mbona umemzamisha?
Sina hakika. Pengine nimemzamisha.
Pengine kuna mtu anayehitaji
ardhi zaidi ya mbingu.

Hiyo nitaiangalia tena kesho.
Ile ya matuta saba nimeichapa kwanza.
Alisema ing'ae.