Miguu ya Kukodi

Bwana Wymond, mchuuzi wa sufu, alikufa na deni.
Si la fedha, fedha alikuwa nayo ya kumwaga.
Deni la nadhiri. Kitandani, meno yakimgongana,
aliapa kwenda Walsingham kwa miguu, kwa Bibi Maria.
Homa ikamwacha, naye akaiacha nadhiri.
Miaka tisa. Kisha homa ikarudi kudai.

Mjane wake, Idonea, akaniita.
"Wewe ni mshairi," alisema, kama mtu asemaye
wewe una ngiri, "basi huna kazi."
Kweli. Mimi mwana wa mtengeneza ngozi wa Sudbury,
hata nikioga nanuka magome ya mwaloni.
Huwaandikia watu wosia, na barua za kuomba radhi,
na tungo za makaburini, peni moja mistari minne.
Wakubwa hutaka Kifaransa. Mimi natunga kwa Kiingereza,
lugha ya jikoni na zizini,
lugha aliyowaitia mama kuku wake.

Tukapatana: shilingi sita, mkate wa njiani,
na viatu vya marehemu,
ili, alisema, iwe ni yeye anayetembea.
Miguu yake ilikuwa mikubwa. Nikavijaza sufu puani,
nikatoka Julai, kabla kengele ya alfajiri haijalia.

Kila kanisa nilitakiwa nisali kwa jina lake.
Bwana Wymond amefika Bury. Bwana Wymond anapiga goti.
Goti lilikuwa langu, na jiwe lilijua.

Baada ya Thetford nikafuatana na Gunnild,
mwanamke wa Lavenham, mfupi, mwenda mbio,
aliyebeba mguu wa nta, saizi ya mguu wa mwanawe,
umefungwa majani ya kabichi.
Kila kivuko aliyalowesha majani, jua lisije likamla mtoto.
Aliniona nikichora kibao changu kwa msumari,
kibao cha nta, ambacho mshairi asiye na karatasi
hulala nacho kama mke.
"Na wewe una nadhiri?" akauliza.
"Nta yako inaumwa wapi?"

Nilitembea mpaka jioni bila jibu.

Tulipofika Houghton alifungua majani akapiga kelele.
Kidole gumba kilikuwa kimedondoka njiani, hatujui wapi.
Akakaa chini katikati ya njia, watu wakimpita,
akasema mtoto hatapona kasoro kidole,
Bibi atadhani ndivyo alivyoumbwa.

Beti kumi na moja zilikuwa kwenye kibao.
Nikazikwangua zote kwa kucha,
nikaitia nta kwapani hadi ikalainika,
nikafinyanga kidole. Kilitoka kinene kidogo, cha mtu mzima.
Gunnild alikitazama upande huu, upande ule. "Atakikulia," akasema.

Nilibaki na ubeti mmoja tu kichwani:

*Kiatu ni cha maiti,*
*kidonda hakifuati*
*mwenye mali wala cheti:*
*kimekaa kwangu mimi.*

Houghton ndipo mahujaji wote huvua viatu,
mfalme na mchunga nguruwe,
maili iliyobaki ni ya nyayo tupu.
Nikavifunga vya Bwana Wymond kwa kamba, nikavitupia begani.
Vumbi lilikuwa moto, laini kama unga.
Nilijaribu kumsalia mwenye viatu
na jina lake halikunijia.

Idonea alikuwa mlangoni niliporudi.
"Alifika?"
Nikaweka mezani viatu na beji ya risasi.
"Alifika Houghton, mama. Hapo husimama viatu vyote.
Maili ya mwisho sikumwona."

Hakulia wala hakunitukana.
Alihesabu peni sabini na mbili,
akarudisha moja mfukoni, ya ile maili.
Kisha akaingiza mkono ndani ya kiatu cha kushoto,
akachomoa lile bonge, jekundu, gumu,
akalisugua kati ya vidole
jinsi wasugavyo wanunuzi sokoni.

"Sufu yetu," alisema. "Nzuri.
Ila haiuziki tena."