Kulabu

Hapa palikuwa bucha. Vigae vyeupe vingali ukutani,
na darini zimo kulabu za chuma
zilizomshinda Donato na nyundo yake.
Basi tunaangikia makoti.
Januari, upepo wa milima ya Lucania ukipenya chini ya mlango,
makoti yetu huning'inia juu ya vichwa
kama waumini wa zamani waliorudi kusikiliza.

Tu watu kumi na mmoja.
Mama Incoronata akishikwa na mafua, kumi.
Mchungaji Saverio juma zima hutengeneza mitambo ya maji moto;
Jumapili hunawa hadi viwikoni, lakini masizi
hayatoki katika mistari ya kiganja,
na Waraka kwa Warumi, sura ya nane,
una alama ya dole gumba lake.

Kinanda hatuna. Tunaye Pasqualina,
aanzaye kila wimbo juu mno.
Kufika ubeti wa pili tumeshaachwa njiani,
yeye peke yake anapanda, anapanda,
nasi tunamngoja chini, kwenye kiitikio.

Mjini wanatuita watu wa bucha.
Hawatutukani. Husema tu, "Wale wa bucha,"
na muuza mkate hutuhesabia chenji polepole,
kama anayemhesabia mgeni.

Siku ya mtakatifu wao, bendi hupita mlangoni.
Saverio hukatiza neno, kidole juu ya mstari.
Ngoma hutikisa vigae, hutikisa vikombe vya Meza ya Bwana,
tarumbeta hukosea palepale penye kona,
halafu kimya, na harufu ya nta.
"Kama nilivyokuwa nikisema," husema Saverio.

Na miaka ile yote Vitantonio alikuwa nje,
chini ya sanamu, boriti begani,
yeye mbele, Eustachio nduguye nyuma.
Miaka ishirini na sita.
Bega lake la kulia lina sugu, ngumu kama kisigino.
Sijui nini kilimleta kwetu. Aliingia siku ya mvua,
akaketi karibu na mlango, akalia bila kelele,
Jumapili iliyofuata akaja tena.

Alipoomba ubatizo, mto ulikuwa mawe matupu.
Gerardo akatoa hodhi analooshea zeituni.
Tulilisugua kwa siki siku mbili,
hata hivyo majani mawili yalielea,
na maji ya kisima yalikuwa baridi ya kukata kauli.

Shati lilipolowa tuliiona ile sugu.
Saverio aliweka mkono juu yake, palepale.
"Unaamini?"
"Naamini." Kisha, kwa sauti ndogo:
"Ila bega hili linawasha bado, ngoma zikipita."
Saverio alifikiri kidogo.
"Liache liwashe," alisema, akamzamisha.

Akaibuka anatetemeka, meno yanagongana,
nasi tukaimba, Pasqualina akiwa mawinguni,
na hapo ndipo nilipokumbuka
kwamba taulo ni mimi niliyeambiwa nilete.

Eustachio alikuwa langoni mwa shamba, kofia mkononi.
Tangu mavuno hawakuwa wamesemezana;
neno la mwisho lilikuwa, "Umeniachia boriti."
Tulimwona anavuka matope kwa viatu vyake vya Jumapili,
anavua koti, anamfunika nalo nduguye,
analifunga kifungo kwa kifungo, hadi shingoni,
kama mtu anayemvisha mtoto.
"Utakufa na baridi, mpumbavu we."
Akaondoka na shati lake.

Hatukuandika hilo kwenye kitabu cha kanisa.
Tuliandika jina, tarehe, na mahali: hodhi la Gerardo.

Lile koti lipo kulabu ya karibu na dirisha.
Vitantonio alilirudisha mara mbili, mlango haukufunguliwa.
Nimelipiga brashi. Bado linanukia zeituni.
Theluji imeanza kuanguka huko juu,
na Eustachio, mji mzima unajua,
ana koti moja tu.