Mkono wa Tatu

Dalali Tuohy alinipa ufunguo na makopo manne:
"Ukuta wa jikoni tu. Mikono miwili, nyeupe.
Mpiga picha anakuja Alhamisi."
Akaondoka, matairi yakisaga changarawe
kama mtu anayetafuna ili asiongee.

Jumba la Ballincarra linauzwa:
vyumba kumi na vinne, zizi la farasi, shamba la matofaa,
mita mia sita za ukingo wa mto Suir,
na haki ya kuvua samoni imo ndani ya bei.
Bei yenyewe haikuandikwa. Mwenye nacho haulizi.

Ukutani, kando ya jiko,
mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine:
Februari, arobaini na sita, usawa wa goti.
Desemba, hamsini na nne, usawa wa kiuno.
Ule wa juu, unaonifika begani,
hauna mwaka. Aliyeuchora labda alikuwa na haraka.

Katikati ya mistari ya mto, mistari ya watoto:
Honoria, miaka saba.
Jocelyn, miaka minne, kasimama kwa vidole
(ndiye anayeuza).
Na pembeni, karibu na stoo ya makaa,
kwa mwandiko uleule:
Nóirín wa mpishi, miaka mitano.

Nóirín ni bibi yangu.
Alinisimulia yote ya nyumba hii:
vijiko alivyosugua hadi vikamwonyesha uso wake,
ngazi ya nyuma, ndoo za maji ya moto, magoti.
Hakunisimulia kwamba siku moja
mtu alimsimamisha hapa, akamwekea kitabu kichwani,
akamwambia, Nyooka.

Nilikunywa chai. Nikafungua kopo.
Mkopo wa gari hausubiri huzuni ya mtu.

Mkono wa kwanza ukameza watoto.
Mkono wa pili ukameza mafuriko.
Jina la Nóirín nililizunguka kwa brashi
kama mtu anayefagia karibu na kuku anayeatamia,
nikazunguka tena,
kisha nikalipaka.
Ukuta ukawa mweupe kama yai lililomenywa.

Alhamisi picha zikapigwa.
Jumamosi mvua ikaanza huko milima ya Galtee,
siku tano haikukata.

Tuohy akanipigia simu: "Ulipaka rangi gani wewe?
Ukuta unatoka jasho."

Nikaenda. Maji yalikuwa yamepanda kutoka chini ya sakafu,
polepole, bila hodi, kama mwenye nyumba.
Rangi imevimba, imepasuka,
na kwenye ufa, kijivu, herufi mbili za kwanza.

"Piga mkono wa tatu," alisema Tuohy.
"Wanunuzi wameshatua, wanatoka Rotterdam."

Nikachungulia dirishani.
Mto ulikuwa umefika kwenye mtofaa wa kwanza,
unaupima shina.

Nikamwambia rangi imekwisha.

Makopo mawili yalikuwa garini,
hayajafunguliwa.