Simu ya Saa Moja

Saa moja kasoro, kikombe cha tatu cha kahawa,
nafungua daftari la bluu lenye majina kumi na tisa.
Si wahalifu. Si mashahidi.
Ni watu wanaoishi peke yao mbali na lami,
ambao ofisi ya sherifu huwapigia kila asubuhi
kuwauliza jambo moja tu: umeamka?

Bibi Ardis hunisimulia ndoto zake.
Leland huniuliza bei ya ngano, kana kwamba naipanga mimi.
Bibi Gunderson, sikio moja limekufa, hupaza sauti
hata kabla sijauliza: "Bado nipo!"
na kukata.
Naweka alama ya vema, nashuka mstari unaofuata.

Wa kumi na nne ni Verlyn Opsahl.
Hakujiandikisha; aliandikishwa na mpwa wake aliyeko Fargo.
Miaka miwili sasa jibu lake ni pumzi,
pumzi moja, kisha mlio wa simu kuwekwa.
Simlaumu. Ni sisi tuliomchukua Todd
jikoni kwake, viazi vikifuka moshi mezani.
Kifungo Todd alikimaliza; vidonge vikammaliza yeye.
Na aliyemtia pingu usiku ule ni Curtis Brandvold,
ambaye leo yuko zamu.

Jumanne, Februari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Simu ya Opsahl inalia. Inalia.
Nahesabu miito: kumi na mbili, kumi na tatu.
Nakata, napiga tena, kidole kikitangulia akili.
"Kumi na nne hajibu," nasema kwenye redio.
Curtis haulizi ni nani.
"Niko njiani," na nyuma ya sauti yake
nasikia waipa zikikwangua barafu.

Maili kumi na saba. Greda la kaunti halijapita.
Namfuata kwa sauti tu:
daraja.
Ghala la akina Sather.
Hapa sioni barabara, nafuata nguzo za umeme.
Mlango wa gari.
Kisha hakuna kitu.

Niliwamaliza waliobaki kwenye daftari.
Sikumbuki walisema nini.
Dakika ishirini na moja.

Aliporudi hakukimbilia ripoti.
Alisimama kando ya hita, glavu zikidondosha maji
juu ya zulia tulilokatazwa kulilowesha,
akasema: Alikuwa mezani. Amevaa shati la kanisani. Amenyoa ndevu.
Simu ilikuwa mbele yake.
Vikombe vilikuwa viwili.

Nikamwuliza, Uliisikia ikilia?
Akasema, Niliisikia.
Sasa mbona hukupokea?
Akatazama saa ya ukutani, si mimi.
Akasema, Leo Todd angetimiza arobaini.
Nilitaka kuona kama njia ya kuja huku mnaijua
hata siku ambayo hakuna wa kuchukuliwa.

Curtis si mtu wa maneno,
na maneno aliyokuwa nayo, alisema, hayakutosha hata kujaza kiganja.
Akaketi. Akanywa.
Akachochea jiko, akapiga koleo theluji ya mlangoni,
akachungulia tangi la gesi: asilimia sita.
Nikampigia mwenye gesi, nikamtoa kitandani kwa jina la sherifu,
ambaye mwenyewe alikuwa bado amelala.

Kwenye fomu pana mistari miwili
kwa ajili ya hatua zilizochukuliwa.
Mkono wa Curtis ulielea juu yake kitambo.
Aliandika: kahawa.
Sherifu alipoisoma alikuna kidevu,
akatia sahihi.

Jumatano, saa moja, jina la kumi na nne.
Pumzi.
Nikausubiri ule mlio. Haukuja.
"Greda limepita?"
Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoiwazia.
Bado, nikasema.
"Basi Brandvold asije leo. Atakwama pale kwa Sather."
Kisha, kama aliyesahau na kukumbuka,
"Aje Ijumaa,"
akakata.

Alama ya vema ya siku ile
imetoka imepinda daftarini.
Nimeiacha hivyo hivyo.