Sitini na Nne

Taa nyekundu, Wadi Kabir, saa saba mchana.
Mapajani nina mfuko wa mofa, bado ya moto.
Pembeni ikajileta Impala,
ndefu kama hotuba ya asiyejua kumaliza,
rangi ya maziwa yaliyoonjeshwa zafarani,
kromu yake ikinichoma jicho.

Nikashusha kioo. "Lo, uzuri gani huu!" ikanitoka.
Dereva, mama wa makamo, miwani myeusi, bangili hadi kiwikoni,
akacheka: "Kumbe wa kwetu!
Nimeiokota Sohar, kuku wanatagia ndani.
Miaka sita sasa fundi Rajan ananidai."

"Ya mwaka gani?"
"Sitini na nne."

Tukanyamaza.
Kwetu mwaka huo hautajwi.
Ukiukaribia tu, mama husema: chai imepoa.

Na huu hapa, umepigwa msasa, umepakwa rangi,
unanguruma polepole kama paka aliyeshiba.

Taa ikabadilika. Nyuma wakapiga honi.
Akanipungia, bangili zikalia;
mimi gari langu likazimika.

Nilipofika nyumbani mama akaipapasa mikate.
"Mbona imepoa?"
Nikamwambia: foleni.